Somo la 12: Karatasi ya Damu ya Mtoto Mwenye Matege



Katika somo lililopita tulisoma kadi ya kliniki. Tuliona jinsi mstari wa uzito wa mtoto unavyopanda, unavyolala na unavyoshuka. Leo tutasoma karatasi nyingine ya hospitali. Hii hutoka maabara, mtoto anapopimwa damu kwa sababu ya ugonjwa wa mifupa.

Karatasi hii huwatisha watu wengi. Ina herufi za Kizungu na namba zenye nukta. Mama huikunja, huifunga kwenye pindo la khanga, akampelekea daktari bila kuifungua. Mimi binafsi naona ingefaa karatasi hizi ziandikwe kwa Kiswahili, lakini bado. Basi tujifunze kuzisoma kama zilivyo. Sikwambii uisome ili umzidi daktari. Nakwambia uisome ili daktari anapokueleza uelewe. Na asipokueleza, ujue la kumwuliza.

MGUU ULIOPINDA

Kigombe iko pwani, kati ya Tanga na Pangani, katika Wilaya ya Muheza. Watu wake ni wavuvi na wakulima wa minazi na mihogo. Jua lipo mwaka mzima. Samaki wapo. Ukimwambia mtu wa Kigombe kwamba mtoto anaweza kuugua mifupa kwa kukosa jua, au kwa kukosa chakula cha mifupa, atacheka. Atasema, "Jua hili linalotuunguza? Samaki hawa?"

Lakini matege yapo hata katika nchi za jua. Yameonekana Nairobi. Yameonekana Ethiopia, Gambia na Nigeria. Kwa nini? Tutaona mbele.

Mfupa ni kama ukuta wa nyumba ya miti na udongo. Kwanza fundi husimamisha nguzo na kufunga fito. Kisha hukandika udongo. Fito bila udongo huyumba. Mfupa nao una fito zake, ambazo ni protini. Udongo wake ni madini mawili: kalsiamu na fosfeti. Mtoto anapokua, fito mpya hufungwa kila siku kwenye ncha za mifupa. Madini yakikosekana, fito hubaki wazi. Mfupa huwa laini. Mtoto akisimama, uzito wake huupinda.

Usidhani kila mguu uliopinda ni ugonjwa. Mtoto mchanga huzaliwa na miguu ya upinde kidogo. Kwa kawaida hunyooka anapokaribia miaka miwili. Akiwa na miaka mitatu au minne, magoti yake huweza kukaribiana hata kugusana, na hayo pia ni ya kawaida. Ugonjwa hujionyesha kwa dalili nyingine pamoja na mguu. Vifundo vya mikono huvimba. Mbavu hutoa vinundu mfululizo kama shanga za tasbihi. Meno huchelewa. Mtoto aliyekwisha kutembea huanza tena kutambaa, au hulia akisimamishwa. Au mguu mmoja hupinda zaidi ya mwingine, na kila mwezi unazidi.

Ukiziona dalili hizi, usingoje.

Nasema usingoje kwa sababu wengi hungoja. Bibi atasema, "Mwanangu, mtoto huyu kapigwa na upepo." Jirani atasema mama alivunja mwiko wakati wa mimba. Mama huona haya. Humfungia mtoto ndani ili watu wasimwone. Na hapo ndipo ubaya huongezeka, maana mtoto aliyefungiwa ndani hukosa jua, na bila jua mifupa huzidi kulegea. Mtoto wa kike hupata hatari nyingine baadaye. Mifupa ya nyonga ikiharibika utotoni, njia ya uzazi huwa nyembamba. Siku ya kujifungua mtoto hukwama. Matege ya leo huweza kuwa kifo cha uzazi baada ya miaka ishirini.

DUKA NA GHALA

Sasa twende maabara. Damu inayochukuliwa ni kidogo, kama kijiko cha chai. Si mumiani. Hutiwa katika kichupa, huandikwa jina la mtoto, hupelekwa kupimwa. Hakikisha jina limeandikwa sawasawa. Wewe sasa unajua kusoma. Tazama kichupa mwenyewe kabla hakijaondoka.

Wanapima nini? Kabla ya kujibu, nataka uelewe jambo moja, na ukilishika hili umelishika somo zima.

Kalsiamu haifanyi kazi mifupani tu. Misuli huihitaji ili ikaze na kulegea. Moyo huihitaji ili upige. Kwa hiyo mwili hauruhusu kalsiamu ya damu ipungue hovyo. Katika kila sehemu 100 za kalsiamu ya mwili, 99 zimo mifupani na menoni. Ile iliyomo katika damu ni kidogo sana, lakini ndiyo inayolindwa zaidi.

Fikiria duka la kijiji. Mbele kuna rafu, nyuma kuna ghala. Mwenye duka hapendi mteja aone rafu tupu. Kila sukari inaponunuliwa, huchukua nyingine ghalani akaiweka rafuni. Wewe ukipita barabarani ukatazama rafu utasema, "Duka hili limejaa." Kumbe ghalani limebaki gunia moja.

Damu ni rafu. Mifupa ni ghala. Maabara ikipima kalsiamu ya damu, imetazama rafu. Namba inaweza kuwa nzuri huku mifupa ya mtoto inaliwa.

Ni nani anayetoa ghalani? Shingoni, nyuma ya tezi ile inayovimba mtu akiwa na rovu, kuna tezi nne ndogo. Kila moja ni kama punje ya mchele. Zinaitwa parathiroidi. Kalsiamu ya damu ikipungua hata kidogo, tezi hizi hutuma mjumbe. Mjumbe huyo ni homoni, na kwenye karatasi huandikwa PTH. Huenda mifupani, akaamuru kalsiamu itolewe. Huenda pia kwenye figo, akaziamuru zisiache kalsiamu itoke na mkojo. Lakini hapo hapo huziamuru zimwage fosfeti. Ndiyo maana fosfeti ya damu hushuka. Kalsiamu imeokolewa, fosfeti imepotea, na mfupa unahitaji zote mbili.

Vitamini D kazi yake ni nini? Ni kama bawabu wa utumbo. Chakula chenye kalsiamu kinapofika tumboni, vitamini D hufungua mlango ili kalsiamu iingie katika damu. Bawabu asipokuwepo, kalsiamu nyingi hupita na kutoka na choo. Lakini kumbuka: bawabu akiwepo na mlangoni hakuna mzigo, atafungua mlango kwa nini?

HERUFI ZA KARATASI

Ulipoanza kisomo ulijifunza herufi moja moja. Kisha uliona kwamba herufi peke yake haisemi kitu mpaka ikae na wenzake. Karatasi ya maabara ni vivyo hivyo. Usisome namba moja ukaondoka.

Ca ni kalsiamu. Umeshaijua: ni rafu ya duka.

P au PO4 ni fosfeti. Kwa watoto kiasi chake ni kikubwa kuliko kwa watu wazima. Namba ambayo ni sawa kwa baba inaweza kuwa pungufu kwa mwanawe.

ALP tunaiita alkalaini fosfatasi. Jina ni refu lakini jambo lenyewe ni rahisi. Mafundi wanaojenga mifupa wanapofanya kazi, hutoa kitu hiki, na kingine humwagika katika damu. Ni kama kelele za nyundo. Mafundi wanapohangaika na fito zisizo na udongo, kelele huzidi. Kwa hiyo matege yakiwepo, ALP kwa kawaida hupanda juu. Nayo kwa mtoto anayekua ni kubwa kuliko kwa mtu mzima, hata akiwa mzima wa afya, kwa sababu mtoto anajengwa kila siku. Tena kuna tahadhari mbili. Ini likiugua, ALP huweza kupanda pia. Na mtoto aliyedhoofika sana kwa utapiamlo, au aliyepungukiwa na madini ya zinki, mafundi wake huishiwa nguvu. ALP yake huweza isipande hata kama ana matege.

25-OH D ni vitamini D iliyowekwa akiba katika damu. Wataalamu wa nchi mbalimbali walikubaliana mwaka 2016 hivi: zaidi ya nanomoli 50 kwa lita inatosha, kati ya 30 na 50 ni haba, chini ya 30 ni upungufu. Usihangaike na neno nanomoli. Ni kipimo tu, kama kibaba na pishi. Lakini angalia: maabara nyingine hutumia kipimo tofauti, ambapo 20 ni sawa na 50 ya hapa. Mtu anayepima kwa kibaba na anayepima kwa pishi hawawezi kulinganisha namba bila kuulizana. Nawe uliza.

Pembeni mwa kila namba huandikwa namba mbili nyingine, na kistari katikati. Hizo ndizo mipaka ya kawaida. Maabara hazilingani katika mipaka, kwa sababu mashine zao si moja. Tumia mipaka iliyo katika karatasi yako, si ya jirani.

WATOTO WAWILI

Karatasi zifuatazo ni za mfano tu. Nimezitunga kwa ajili ya somo.

Mtoto wa kwanza ana miaka mitatu na nusu. Baba ni mvuvi. Mtoto hushinda ufukweni kifua wazi. Aliachishwa ziwa mapema mdogo wake alipozaliwa. Chakula chake ni uji mtupu wa mahindi asubuhi, ugali au muhogo mchana na usiku, na mchuzi. Miguu imepinda kama upinde.

Ca 2.2 (2.2 – 2.7)
P 0.9 (1.2 – 1.8)
ALP 980 (130 – 350)
25-OH D 62 (zaidi ya 50)

Soma mstari wa kwanza. Kalsiamu 2.2. Imo ndani ya mipaka, ingawa imesimama kizingitini. Ukiishia hapo utasema mtoto hana shida. Endelea. Fosfeti ni 0.9, iko chini. ALP ni 980, iko juu mno: mafundi wanapiga nyundo usiku na mchana. Kwa hiyo rafu imejaa kwa kutolewa ghalani. Sasa mstari wa nne. Vitamini D ni 62, inatosha. Bawabu yupo mlangoni. Kilichokosekana ni mzigo wenyewe, yaani kalsiamu ya chakula.

Mtoto wa pili ana mwaka mmoja na miezi mitatu. Analelewa na shangazi yake mjini, ghorofani. Shangazi ni mtu wa kazi. Mtoto hushinda chumbani na msichana wa kazi, mlango umefungwa. Hajatembea. Juzi mikono ilimkakamaa na akapatwa na degedege. Walidhani ni malaria, lakini malaria haikuonekana.

Ca 1.8 (2.2 – 2.7)
P 0.8 (1.2 – 1.8)
ALP 1,250 (130 – 350)
25-OH D 14 (zaidi ya 50)

Hapa hata rafu imeanza kuwa tupu. Ndiyo maana misuli imekakamaa. Hii ni hatari, na mtoto wa namna hii hulazwa. Tazama vitamini D: 14. Bawabu hayupo.

Umeona? Miguu ya watoto hawa wawili ukiitazama haina tofauti kubwa. Mganga wa kutazama kwa macho angewapa dawa moja. Damu imesema mambo mawili tofauti.

Daktari hataamua kwa damu peke yake. Atataka na picha ya eksirei, hasa ya kifundo cha mkono na ya goti. Ncha ya mfupa yenye afya huonekana imenyooka. Ya mwenye matege huonekana imepanuka na kuchanika kama ncha ya kamba ya katani iliyofumuka.

WALIVYOGUNDUA NIGERIA

Zamani vitabu vingi vilisema kwamba matege ni ugonjwa wa kukosa jua. Uingereza na Ujerumani, zenye baridi na moshi wa viwanda, watoto wengi walipinda miguu. Mwaka 1919 daktari Kurt Huldschinsky wa Berlin aliwatibu watoto kwa mwanga wa taa maalumu, wakapona. Miaka hiyo hiyo mafuta ya ini la samaki nayo yalionekana kutibu. Kilichomo katika mafuta hayo ndicho kikaitwa vitamini D.

Lakini Nigeria watoto walikuwa na jua tele, na bado walipata matege. Madaktari katika mji wa Jos waliwachukua watoto 123 wenye ugonjwa huo. Wengine walipewa vitamini D, wengine kalsiamu, wengine zote mbili, kwa wiki 24. Matokeo yalitolewa mwaka 1999. Waliopewa kalsiamu, peke yake au pamoja na vitamini D, walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Chakula chao cha kila siku kilikuwa na kalsiamu kidogo mno. Ni watoto kama yule wetu wa kwanza.

Utafiti mwingine wa Nigeria, uliotolewa mwaka 2015, unatuhusu zaidi sisi watu wa pwani. Watoto wenye matege walipewa kalsiamu kwa njia mbili. Wengine walipewa unga wa mawe ya chokaa, wengine unga wa samaki wakavu waliosagwa pamoja na mifupa yao. Baada ya miezi sita, njia zote mbili zilionekana kusaidia.

Nakuomba usiende kuchukua chokaa ya tanuri tunayopakia nyumba. Ile imechomwa, nayo huunguza kinywa na utumbo. Lakini samaki mkavu mwenye mifupa unaye.

JE, JUA LETU LINATOSHA?

Nchini kwetu watafiti walipima damu ya Wamasai 35 na Wahadzabe 25 wanaoishi kwa desturi zao za zamani, na kutoa matokeo mwaka 2012. Wastani wa vitamini D yao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya kiwango cha kutosha. Hawakunywa dawa. Walikaa juani, na jua liligusa ngozi zao.

Basi jua la Tanzania linatosha, mradi likuguse. Halipiti kwenye bati wala kwenye mlango uliofungwa. Haliponyi mtoto aliyefungwa kanga tatu tangu asubuhi. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani kuliko ngozi nyeupe. Maziwa ya mama ni bora kwa mtoto, wala usiyaache, lakini yana vitamini D kidogo, na mama mwenyewe akipungukiwa, yake huwa kidogo zaidi. Mama na mtoto kukaa ndani siku arobaini si neno. Shida ni arobaini isiyokwisha. Mtoto na atolewe nje asubuhi, mikono na miguu wazi. Na mama anayevaa baibui, uani kwake pasipo na macho ya watu, naye ajipe nafasi ya jua.

MIFUPA TUNAWAPA PAKA

Sasa turudi kwenye lile cheko la mwanzo. "Samaki hawa?" Ndiyo, samaki hawa. Samaki mkubwa mzuri huuzwa, fedha hununua unga. Anayebaki nyumbani huliwa nyama, na mifupa hutupiwa paka. Nyama ya changu au ya nguru ina protini nzuri sana, lakini kalsiamu yake ni kidogo. Kalsiamu ya samaki imo mifupani. Nathubutu kusema kwamba katika nyumba nyingi paka anajengwa mifupa kuliko mtoto.

Dagaa ndiye tofauti, maana huliwa mzima. Chagua dagaa wakavu, safi, wasio na mchanga. Waoshe upunguze chumvi. Waanike tena mpaka wakauke kabisa. Watwange kinuni, kisha uchekeche kwa chekeche nzito ili usibaki mwiba wa kumkwama mtoto. Unga huo tia katika uji wa mtoto, au katika mchuzi, kila siku. Hautibu mtoto aliyekwisha pinda miguu bila hospitali, lakini unajaza ghala la yule ambaye hajapinda, na la mdogo wake. Maziwa ya ng'ombe au ya mbuzi ni mazuri sana kwa anayeyapata. Mchicha usiutegemee kwa jambo hili. Una kalsiamu, lakini una na kitu kinachoishika isiachie tumboni.

Wazee watakumbuka kampeni za redio. Mwaka 1973 ilikuwa Mtu ni Afya, na mwaka 1975 ilikuwa Chakula ni Uhai. Vikundi vilikaa chini ya mwembe, vikasikiliza, vikajadili. Kama katika darasa lako yupo aliyekuwa katika vikundi hivyo, mwombeni asimulie walisema nini juu ya chakula cha mtoto.

MENGINE YANAYOFANANA

Si kila matege ni ya chakula au jua. Yapo ya kurithi, ambapo figo humwaga fosfeti bila kuagizwa. Hapo kalsiamu huwa sawa, vitamini D huwa sawa, lakini fosfeti iko chini daima. Ukiona katika ukoo wako wapo watu wazima wenye matege, mwambie daktari. Figo zilizougua nazo huharibu mifupa, na hapo fosfeti huweza kupanda badala ya kushuka. Dawa za kifafa zikitumiwa muda mrefu hupunguza vitamini D. Usiziache, lakini zitaje.

Upande wa Arusha, kando ya Mlima Meru, kuna maji yenye madini ya floraidi nyingi kupita kiasi. Huko meno huwa ya kahawia, na watoto wengine hupinda miguu kwa sababu ya maji. Ndugu zako wakihamia kwako kutoka huko na mtoto wa namna hiyo, tazama meno, kisha mwambie daktari alikozaliwa.

Watu wazima nao huugua kwa kukosa vitamini D. Hawapindi miguu, kwa kuwa hawakui tena. Huumwa nyonga, mgongo na mapaja, na hutembea kama bata. Mara nyingi ni akina mama waliozaa mfululizo na wanaoshinda ndani. Damu yao husema kama ya watoto: fosfeti chini, ALP juu, vitamini D chini. Lakini bibi mzee ambaye mifupa yake imekuwa myepesi kwa umri, akavunjika mkono kwa kuteleza kidogo, damu yake kwa kawaida huonekana sawa kila mstari. Mifupa yake imepungua ukubwa wa ukuta. Udongo uliobaki umekandikwa vizuri.

UKIFIKA HOSPITALI

Zahanati nyingi za vijijini hazina mashine za vipimo hivi. Utaandikiwa kwenda hospitali kubwa, kama Teule ya Muheza au Bombo mjini Tanga. Kipimo cha vitamini D huwa na bei kubwa kuliko vingine. Uliza kwanza, "Daktari, shikamoo. Kipimo hiki ni lazima leo, au matibabu yanaweza kuanza bila hicho?" Mara nyingi dalili, eksirei, ALP na fosfeti humtosha daktari kuanza. Atatoa vitamini D na kalsiamu pamoja. Baada ya miezi kadhaa atapima tena. ALP ikishuka, mafundi wametulia. Miguu ya mtoto mdogo huweza kunyooka yenyewe mwili unapojijenga. Iliyochelewa sana huhitaji upasuaji.

Usinunue vitamini D dukani ukampa mtoto ovyo. Ikizidi, kalsiamu ya damu hupanda. Mtoto hutapika, hukosa choo, na figo huumia.

Karatasi zote zitunze pamoja na kadi ya kliniki. Ya kwanza isipokuwepo, ya pili haina wa kulinganishwa naye.

MANENO MAPYA

Maabara: chumba cha kupimia damu, mkojo na choo.
Tezi: kiungo kinachotengeneza majimaji au homoni.
Homoni: kitu kinachosafiri katika damu kupeleka amri.
Mipaka ya kawaida: namba mbili ambazo kipimo cha mtu mzima wa afya hukaa kati yake.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini kalsiamu ya damu huweza kuwa sawa wakati mifupa inaharibika? Jibu kwa mfano wa duka, au kwa mfano wako mwenyewe.

2. Katika kijiji chenu, dagaa wanaovuliwa huliwa na nani, na huuzwa wapi? Kinachobaki nyumbani ni kiasi gani?

3. Yupo mtoto aliyefichwa ndani kwa sababu ya miguu yake? Msitaje jina darasani. Jadilini nani anaweza kwenda kuzungumza na mama yake, na aanze kwa maneno gani.

4. Bibi wa miaka 68 aliteleza kisimani akavunjika kifundo cha mkono. Karatasi yake, ambayo nayo ni ya mfano, ni hii:

Ca 2.4 (2.1 – 2.6)
P 1.1 (0.8 – 1.5)
ALP 85 (40 – 130)
25-OH D 70 (zaidi ya 50)

Someni mstari kwa mstari. Je, bibi huyu ana ugonjwa wa yule mtoto wa kwanza, wa yule wa pili, au ana jambo jingine?